"Dada, Si Imeandikwa Hapa?" Dhana Potofu Kuhusu Nyaraka za Skana za Ajenti

Meneja wa hoteli moja hapa Malindi alinigeuzia kompyuta yake wiki iliyopita, akaweka kidole kwenye nyaraka za skana yake, programu ya kukagua usalama wa ajenti wa akili mnemba: "Dada, si imeandikwa hapa? Inagundua amri za kupenyezwa. Siku mbili zaidi za kupima ni za nini?" Amri za kupenyezwa ni zile mtu anazoziweka ndani ya ujumbe ili ajenti azifuate. Ni mara ya nne mwaka huu naambiwa hivyo, na wateja wanne tofauti. Nimeona niandike.

Dhana: Nyaraka zikisema skana inagundua jambo, basi inagundua.

Hapana, hapana kabisa. "Inagundua" bila kueleza inagundua wapi, kwa njia gani na kwa lugha gani ni tangazo la biashara.

Hoteli hiyo ina ajenti wa akili mnemba anayesoma barua pepe za wageni, kutazama vyumba vilivyo wazi na kujibu. Skana ilishampa ripoti ya kijani, yaani salama. Nikamwandikia ajenti barua ya Kiitaliano, lugha ya wageni wengi wa mji huu. Sentensi mbili niliulizia chumba kinachotazama bahari. Ya tatu nikamwamuru aambatanishe orodha ya wageni wa wiki hiyo. Akaambatanisha. Nikarudia kwa Kiswahili. Akaambatanisha tena, na shukrani juu.

Ilibidi nifungue msimbo wa skana ili nielewe. Ndani mlikuwa na orodha ya vifungu vya aina ya "puuza maagizo yaliyotangulia", vyote kwa Kiingereza. Tena ilikuwa inasoma faili ya mipangilio na maelezo ya vifaa vya ajenti (programu anazoruhusiwa kutumia), basi. Barua inayoingia saa nne usiku haikuwa na njia ya kuiona. Nyaraka zake ni kurasa zaidi ya 40, na hakuna hata mstari mmoja unaotaja mambo hayo mawili.

Jina la shambulio hili, "prompt injection", lilitolewa na mtaalamu wa programu Simon Willison mwaka 2022, na OWASP, shirika la usalama wa programu, imeliweka namba moja katika orodha yake ya hatari za programu za modeli za lugha, toleo la 2023 na la 2025. Kwa hiyo kila anayeuza skana anajua neno la kuandika ukurasa wa kwanza. Ndiyo maana mimi sianzi na huo. Naanza na ukurasa wa mipaka, ule unaosema zana haioni nini, na usipokuwepo nauliza kwa maandishi: Mnasoma faili tu, au na mazungumzo yakiendelea? Mnaamua kwa vifungu vya maneno au kwa modeli nyingine? Mmejaribu lugha zipi? Ripoti ya kijani inatenganisha "nimekagua sikuona kitu" na "sikukagua"? Hilo la mwisho nalisisitiza kila mahali, maana ajenti wengi ninaowakuta wako kwenye "sikukagua" na wenye ajenti hao hawajui.

Dhana: Nyaraka ndefu ni nyaraka nzuri. Siku hizi modeli inakuandikia kurasa 100 kabla chai haijapoa. Chukua kompyuta isiyo na kitu, nakili amri za mifano jinsi zilivyo, moja baada ya nyingine. Nimeshakuta chaguo lililoelezwa kwa aya nzima na programu yenyewe haina.

Dhana: Ina nyota nyingi GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo ambako watu huweka nyota kwenye programu wanazozipenda. Nyota hazikuambii nyaraka ni za toleo lipi. Itifaki ya MCP, kanuni za kumuunganisha ajenti na vifaa vyake, ilitangazwa Novemba 2024, ikapata toleo jipya Machi 2025 na jingine Juni 2025. Skana ya MCP isiyosema inafuata toleo gani, mimi naiweka kando.

Dhana: Inaendeshwa kwenye kompyuta yangu, hakuna kinachotoka. Chomoa intaneti uiendeshe. Ikikwama, umejua. Zipo zinazopeleka maelezo ya vifaa vyako kwenye seva ya mtengenezaji ili yachambuliwe huko. Si kosa, ila lazima iandikwe kinachotoka, kinakokwenda na namna ya kukizuia. Wewe unashika pasipoti za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ina masharti juu ya kuzipeleka taarifa zao nje ya Kenya.

Dhana: Nyaraka ni za wanaoanza. Hii naisikia kwa mafundi wazuri, na ndiyo inayoniuma. Mmoja, mtu wa Lamu, stadi kweli, aliifunga skana kwenye mfumo wao wa kutoa matoleo bila kusoma sehemu ya namba za kutokea, yaani namba ambayo programu hurudisha ikimaliza kazi. Skana ile ikikosa ufunguo wa API (msimbo wa siri wa kuiruhusu kutumia huduma inayoitegemea) hurudisha 0, kana kwamba yote ni salama. Imeandikwa, chini kabisa ya ukurasa. Ufunguo wao ulikuwa umekwisha muda, na kwa wiki sita kila toleo lilipita kijani bila kukaguliwa hata faili moja.