Elektrodi inayovutika ni nini, na kwa nini kupinda tu hakutoshi

Tuanze na maana yenyewe halafu tuichambue. Elektrodi ni kile kipande kinachogusa ngozi, kinapokea umeme mdogo wa mwilini na kuupeleka kwenye mashine. Ikiitwa inayovutika maana yake ukiivuta inarefuka pamoja na ngozi, umeme unaendelea kupita ikiwa imevutwa hivyohivyo, na ukiiachia inarudi ilivyokuwa. Yote matatu lazima yawepo, likikosekana moja tu basi hicho ni kitu kingine.

Wengi wanachanganya kupinda na kuvutika, hata matangazo ya vifaa vya afya yanavitaja kana kwamba ni kitu kimoja, na sio. Chukua karatasi ya daftari uizungushe kwenye chupa, inakaa vizuri kabisa. Sasa jaribu kufunika chungwa kwa karatasi hiyohiyo uone, itajikunjakunja na kuacha nafasi chini yake kwa sababu chungwa limepinda pande zote kwa wakati mmoja na karatasi haivutiki. Mwili wa binadamu uko upande wa chungwa, bega liko hivyo, goti liko hivyo, kifua nacho kinapanda na kushuka kila ukivuta pumzi. Ngozi kwenye shughuli za kawaida tu inaweza kuvutika mpaka kama asilimia 30, wakati utando mwembamba wa dhahabu au shaba ukiwa peke yake unaanza kupasuka kwenye asilimia 1 au 2 hivi. Kazi yote ya watafiti wa elektrodi hizi ni kuziba hilo pengo.

Na pengo lenyewe lina maana kwa sababu umeme tunaoutafuta ni mdogo mno. Wa moyo ukifika juu ya ngozi ya kifua ni kama milivolti 1, wa ubongo ukifika kichwani ni makumi ya mikrovolti tu, halafu kabla ya kuingia kwenye elektrodi unakutana na ile ngozi ya juu kabisa iliyokufa na kukauka, unene wake sehemu nyingi za mwili ni mikromita 10 mpaka 20, nayo haipitishi umeme kirahisi. Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepata Nobeli mwaka 1924 kwa kazi yake ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, yeye alikuwa anamwambia mgonjwa atumbukize mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi, basi umeme unapita. Vile vistika vya duara wanavyokubandika hospitali leo vinafanya kazi ileile kwa jeli yenye chumvi na kichuma chenye madini ya fedha. Na vinafanya vizuri, sitaki mtu adhani ni vibovu, kwa kipimo cha dakika tano ukiwa umelala hakuna shida. Shida inakuja ukitaka kumpima mtu siku nzima au wiki nzima akiwa kwenye shughuli zake, jeli inakauka, gundi inawasha, na kistika kinahama.

Hili la kuhama ngoja nilieleze vizuri maana watu wanalipita haraka. Pale chuma kinapokutana na chumvi ya jeli au ya jasho kunazaliwa kavolti kadogo kenyewe, hakajatoka moyoni. Kila kitu kikitulia kanabaki palepale na mashine inakatoa kwenye hesabu, hamna neno. Lakini elektrodi ikiteleza kidogo tu kale kavolti kanabadilika, na kwenye skrini unaona wimbi ambalo wakati mwingine ni kubwa kuliko pigo la moyo lenyewe, na mtu akiwa anakimbia hayo mawimbi yanakuja kwa mpangilio wa hatua zake kabisa, kwa hiyo mashine inaweza kuhesabu hatua ikadhani ni moyo. Elektrodi inayorefuka na ngozi haina sababu ya kuteleza, inaenda ngozi inapoenda.

Kuna na suala la watoto njiti, ambalo kwangu mimi ndo sababu kubwa kuliko saa janja zote. Ngozi yao ni nyembamba kiasi kwamba kubandua kistika cha kawaida kunaweza kuondoka na ngozi. Timu ya John Rogers wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ilitoa mwaka 2019 vihisi laini visivyo na waya kwa ajili ya watoto walio kwenye chumba cha uangalizi maalumu, na baadaye vihisi laini vya aina hiyo vimejaribiwa kwenye hospitali kubwa ya umma ya wazazi jijini Nairobi. Mama anaweza kumbeba mwanae kifuani bila kuvuta rundo la nyaya!

Sasa chuma kisichovutika unakifanyaje kivutike? Njia ya kwanza ni kucheza na umbo. Unachora waya mwembamba sana wa dhahabu kwa mtindo wa nyokanyoka, kona baada ya kona, unaulaza juu ya silikoni laini, ambayo ni aina ya mpira. Ukivuta, zile kona zinafunguka na waya unajisokota kidogo kwenda juu, kipande kizima kimerefuka labda asilimia 30 lakini dhahabu yenyewe haijavutwa hata asilimia 1. Ndivyo kundi hilohilo la Rogers, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Illinois, lilivyofanya mwaka 2011, na kitu chao kilikuwa chembamba na laini kiasi cha kushika kwenye ngozi bila gundi.

Takao Someya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 2017 walipita njia ninayoipenda zaidi. Walitengeneza wavu wa nyuzi ndogo mno za plastiki inayoyeyuka kwenye maji, wakaupaka dhahabu, ukiuweka kwenye ngozi na kuunyunyizia maji ile plastiki inayeyuka na kubaki wavu wa dhahabu umeshika kwenye vijistari vya ngozi. Jasho linapita kwenye matundu. Waliwavalisha watu kwa wiki nzima na ngozi haikuvimba.

Wengine wanatumia metali ya majimaji, mchanganyiko wa galiamu na indiamu ambao kwenye joto la kawaida la chumbani ni kimiminika, unaujaza kwenye vimfereji ndani ya silikoni na kimiminika hakipasuki. Wengine wanachanganya unga au nyuzi za madini ya fedha ndani ya mpira, au wanatumia polima, yaani aina ya plastiki, inayopitisha umeme yenyewe.

Kitu kingine cha kujua, ukivuta kipitisha umeme kinarefuka na kuwa chembamba, kwa hiyo ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unapanda hata kama hakuna kilichopasuka. Kwa metali ya majimaji ukivuta asilimia 30 ukinzani unapanda karibu asilimia 70. Inatisha kuisikia lakini kwa elektrodi ya ECG sio tatizo, ukinzani wa ngozi peke yake ni mkubwa mara nyingi sana kuliko huo wa waya. Kinachoharibu ni ukinzani unaoruka ghafla kwa sababu ya ufa unaofunguka na kufunga.

Na sehemu inayokufa kwanza mara nyingi sio elektrodi, ni pale inapoungana na chipu ngumu na betri. Upande mmoja unavutika, mwingine haukubali, mvuto wote unajikusanya kwenye huo mstari wa maungio na ndipo panapochanika. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba elektrodi fulani inavutika asilimia 500, angalia pia imevutwa na kuachiwa mara ngapi, ikiwa kwenye jasho au kavu, na ikiwa imeshaunganishwa na waya wake au kipande kitupu.