Kilimia ni nini?

Kilimia ni kishada kidogo cha nyota zilizosongamana. Mwezi wa Desemba, mnamo saa nne usiku, simama mahali pasipo taa, elekea kaskazini, kisha inua macho juu, karibu theluthi mbili ya njia kutoka upeo hadi utosini. Ukikikodolea utaona kama kiwingu cha mwanga tu. Ukitazama pembeni yake kidogo, nyota zinajitenga moja moja. Wengi huhesabu sita.

Jina limetokana na kulima, maana wakulima walizitazama nyota hizi kujua majira, na hapo ndipo penye uzito wake. Huko kusini mwa Afrika, Wazulu na Waxhosa huziita isiLimela, Wasotho huziita selemela, mzizi ni uleule. Kwa desturi ya Waxhosa, mwanamume huhesabu miaka yake ya utu uzima kwa kurudi kwa nyota hizi tangu alipotoka jandoni.

Zinarudi kutoka wapi? Kila siku nyota huchomoza mapema kuliko jana kwa dakika nne hivi, na kwa mwezi hizo ni saa mbili. Kilimia kinachochomoza upande wa mashariki jua linapotua mwezi wa Novemba, kufikia Aprili wakati huohuo wa jioni kimeshainamia upande wa magharibi. Kisha mwanga wa jua hukimeza. Hakionekani kwa siku kama 40, hadi Juni kinapochungulia mashariki kabla jua halijatoka.

Watu wa pwani wana methali juu ya hilo: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Nusu ya pili inalingana wazi na majira yetu: kinazama masika yakiwa yamepamba moto, na kikizuka, kipupwe kimeingia.

Lakini kwa nini mkulima aangalie nyota badala ya mawingu? Kwa sababu mvua ya siku mbili humdanganya. Anapanda, jua linarudi, mbegu inakauka ardhini. Mwezi mwandamo nao haumsaidii, maana mwaka wake ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, ndiyo maana Ramadhani huangukia masika na pia kiangazi. Kilimia hufuata mwaka wa jua, hakihami.

Hesiod, mshairi wa Ugiriki wa karibu miaka 700 kabla ya Kristo, alizitaja siku hizohizo 40. Kwao kazi ilipangwa kwa majira yao: kuvuna nyota zinapochomoza alfajiri, kulima zinapozama. Nako Ujerumani, karibu na mji wa Nebra, mwaka 1999 ilifukuliwa sahani ya shaba iliyochanganywa na bati, yenye umri wa miaka 3,600 hivi. Juu yake kuna mwezi wa dhahabu, na vitone saba vya dhahabu vilivyokusanyika pamoja. Wataalamu wengi wanavisoma kuwa ni kilimia.

Wagiriki walieleza kwamba hawa ni dada saba, mabinti wa Atlas, wanaokimbizwa na mwindaji Orion. Sikubaliani na wanaoiita hadithi tupu, kwa kuwa ndani yake umehifadhiwa uchunguzi makini. Tafuta zile nyota tatu zilizojipanga mstari, ambazo ni mkanda wa mwindaji huyo. Huchomoza baada ya kilimia, hukifuata usiku kucha kuelekea magharibi, na hazikifikii.