Majilio na kazi yako ya Jumatatu

Kila mwaka ikifika mwisho wa Novemba, tunapoingia Majilio, yaani zile wiki nne hivi za kujiandaa na Krismasi, naulizwa swali lilelile jumuiyani: mwalimu, Majilio ndo yameanza, mbona Injili inasoma mambo ya mwisho wa dunia, si tulitegemea habari za mtoto na hori la ng'ombe? Mimi nafundisha liturujia, yaani utaratibu wa ibada, parokiani na hilo swali nalipenda kuliko yote, maana jibu lake linabadilisha kabisa namna mtu anavyoishi hizi wiki nne.

Iko hivi. Majilio yana vipande viwili. Toka Dominika (Jumapili) ya kwanza mpaka tarehe 16 Desemba macho yetu yanaelekezwa zaidi kwenye ujio wa pili wa Bwana, halafu 17 mpaka 24 ndo tunageukia Bethlehemu. Sasa zichukue Injili za Dominika ya kwanza, mwaka A, B na C (masomo yetu ya Dominika yanazunguka kwa miaka mitatu), uzisome kwa pamoja. Mwaka A ni Mathayo 24, wanaume wawili wako shambani, wanawake wawili wanasaga, mmoja anatwaliwa mwingine anaachwa. Mwaka B ni Marko 13, mwenye nyumba kasafiri, kamwachia kila mtumwa kazi yake na bawabu kaambiwa akeshe. Mwaka C ni Luka 21, angalieni mioyo yenu isije ikalemewa na ulafi, ulevi na masumbufu ya maisha haya. Umeona? Hakuna hata moja inayomkuta mtu kapiga magoti kanisani! Bwana anawakuta watu shambani, kwenye jiwe la kusagia, getini, au wamezama kwenye masumbufu, yaani ada za Januari, nauli ya kwenda nyumbani na kitoweo cha sikukuu.

Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, yule abati, yaani mkuu wa monasteri, aliyefariki 1153, alisema kuna ujio wa tatu katikati ya hizo mbili. Wa kwanza alikuja katika mwili, wa mwisho atakuja katika utukufu, na huu wa katikati anakuja sasa hivi, kimyakimya, ndani ya mtu. Kwangu mimi hapo kwenye ujio wa kati ndo Majilio yanapofanyika hasa, na ndo tunapoparuka maana tuko bize na mapambo.

Kwahiyo unampokeaje kwenye huo ujio wa katikati? Yohane Mbatizaji aliulizwa swali hilohilo, Luka 3, inasomwa Dominika ya tatu mwaka C. Makutano wanauliza tufanye nini, anawaambia mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na chakula vilevile. Wanakuja watoza ushuru, watu waliokuwa wanachukiwa kwelikweli, na ungetegemea awaambie acheni hiyo kazi mnifuate huku jangwani tule nzige wote, lakini hapana, anawaambia msitoze zaidi ya mlivyoamriwa, basi. Askari nao, msidhulumu mtu, msisingizie, mtosheke na mishahara yenu. Kila mtu karudishwa kazini kwake na sharti moja linalomgusa palepale anapochezea. Mimi huwa nasema huyu mzee alikuwa anazijua kazi za watu, siyo kuhubiri tu hewani.

Ndo maana kwenye jumuiya sipendi tuishie kwenye "nitasali zaidi Majilio haya". Sali ndiyo, ila taja na kazi yako. Fundi cherehani, Desemba hii usipokee advansi ya nguo ambazo unajua kabisa hazitaisha kabla ya mkesha. Wewe wa boda, bei ya mvua iwe na huruma kidogo. Mama na baba mwenye dada wa kazi, mpe mshahara wake wote na nauli mapema asafiri salama, siyo unamwambia subiri tukitoka kanisani. Na yule mwenye mashati kumi na tano kabatini, mnajijua, Yohane alianzia kwenye mawili tu.

Ya mishumaa nayapitia haraka. Lile duara la majani lenye mishumaa minne asili yake ni Hamburg, Ujerumani, mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern aliwawekea watoto wa kituo chake mwaka 1839 ili wahesabu siku za kufika Krismasi. Zuri, liwekeni mezani, watoto wawashe. Na wanakwaya jamani, wimbo wa Utukufu hauimbwi Dominika za Majilio, tunautunzia mkesha wa Krismasi, ila Aleluya inabaki maana hii siyo Kwaresima.

Dominika ya nne mwaka C tunamkuta Maria, ana mimba changa, anakwenda kwa haraka mpaka milimani kwa Elizabeti, na Luka anasema alikaa kule kama miezi mitatu. Yesu yuko tumboni na safari yake ya kwanza ni kwenda kwa ndugu mjamzito ambaye umri umemtupa. Kama kwenu kuna mgonjwa au mzazi ambaye hamjamtembelea mwaka mzima, safari yako ndo hiyo, wala usingoje tarehe 25 nyumba ikijaa wageni.

Halafu kitubio, yaani kuungama dhambi: njooni wiki ya pili, msiwarundikie mapadre foleni tarehe 24 jioni. Na kama unadaiwa na fundi au dada wa kazi, lipa kwanza ndo uje.