Kupanga mizigo ya kahawa kwa tarehe: nani alitangulia?

Hapa Moshi naandika programu za vyama vya msingi vinavyopokea kahawa ya maganda. Vijana wanaojifunza Java huniuliza sana: nina orodha ya vitu vya klasi niliyoiunda mwenyewe, nitaipangaje kwa tarehe? Tuseme klasi ni hii:

`record Mzigo(int namba, String mkulima, double kilo, LocalDate tarehe) {}`

Kompyuta inajua 5 hutangulia 9. Mzigo upi utangulie upi haijui, mpaka uiambie kama unatazama kilo, jina au tarehe. Tangu Java 8, iliyotoka 2014, mstari mmoja unatosha:

`mizigo.sort(Comparator.comparing(Mzigo::tarehe));`

Mstari huo ni mwepesi. Kinachosumbua ni tarehe yenyewe.

Wengi huihifadhi kama maandishi, vilevile ilivyo kwenye risiti: 30/07/2024. Maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi kuanzia kushoto, kwa hiyo 02/12/2024 itakaa juu ya 30/07/2024, na aliyeleta kahawa Desemba atamtangulia wa Julai. Igeuze iwe LocalDate, aina ya Java ya kuhifadhi tarehe, pale pale inapoingia, usisubiri wakati wa kupanga.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu hujificha. Katika msimbo wa zamani utakuta tarehe mbili zikitolewa moja kwa nyingine kwa milisekunde, kisha jibu likabanwa liwe int, aina ya namba kamili yenye kikomo. Int inaishia 2,147,483,647, yaani milisekunde za karibu siku 25. Ukijaribu kwa data ya wiki moja, kila kitu ni sawa. Weka data ya msimu mzima: tofauti inafurika, chanya inageuka hasi, na orodha inavurugika. Wakati mwingine Java hugoma kabisa, wakati mwingine hunyamaza. Tumia compareTo, njia ya Java ya kulinganisha, usitoe.

Je, wakulima wawili wa Kibosho waliofika siku moja? Mimi hapa sikubali ubabaishaji, maana zamu ya malipo ni haki ya mtu. Java hupanga vitu kwa Timsort, mbinu ambayo Tim Peters aliibuni mwaka 2002 kwa ajili ya Python. Ni thabiti: wanaolingana hubaki katika mpangilio waliokuja nao. Ila kama orodha imetoka kwenye hifadhidata bila ORDER BY, yaani agizo la kupanga, mpangilio huo wenyewe hauna uhakika. Kwa hiyo taja kigezo cha pili waziwazi:

`Comparator.comparing(Mzigo::tarehe).thenComparing(Mzigo::namba)`

Mzigo usio na tarehe utaiangusha programu kwa NullPointerException. Ipo nullsLast ya kuusukuma mwisho, lakini kwenye malipo mimi huutenga na kumrudishia karani aukamilishe.

Halafu seva. Nyingi husoma saa ya UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa 3 mbele. Karani akiingiza risiti saa 8 usiku, seva inaona bado ni saa 5 usiku wa siku iliyopita, na mzigo unarudi nyuma siku nzima. Andika hivi:

`LocalDate.now(ZoneId.of("Africa/Dar_es_Salaam"))`