Salmonella wa kuku: usugu ni kitu kimoja, ukali ni kingine

Sugu, kwa maana yake ya asili, ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani kwa mtu anayeshika jembe kila siku. Neno zuri, ila likihamishiwa kwa bakteria asiyeuawa na dawa, kama Salmonella, bakteria wa utumbo anayeharisha watu, hupotosha kidogo. Kiganja hukomaa kwa kulizoea jembe. Bakteria hazoei dawa. Katika mamilioni ya bakteria waliomo kwenye utumbo wa kuku, wachache huwa tayari wana kinga, ama kwa mabadiliko ya jeni yaliyotokea kwa bahati, ama kwa kuipokea kutoka kwa jirani. Dawa ikiwaua wengine, hao hubaki na nafasi yote, wakazaana. Si mwili wa kuku wala wa mlaji unaokuwa sugu, ni bakteria.

Kila antibaiotiki ina njia yake ya kukwepwa. Wapo wanaotoa kimeng'enya kinachoivunja ampisilini kabla haijafanya lolote. Wengine wana pampu zinazoitema tetrasaiklini nje ya seli. Wengine wamebadilika pale hasa siprofloksasini inaposhika, ikakosa pa kushika.

Ukali ni uwezo wa kudhuru. Salmonella ana kitu mfano wa sindano: huichoma seli ya utumbo na kuingiza protini zinazoilazimisha imfungulie mlango. Akishapita, anaweza kuishi ndani ya zile zile chembe nyeupe za damu zilizotumwa kummeza. Na ukali hutegemea pia ni nani aliyeingiliwa. Salmonella wana aina nyingi. Gallinarum, aina inayoleta homa ya matumbo ya kuku, anaweza kufyeka banda lakini binadamu hamgusi ila kwa nadra. Enteritidis, aina nyingine, anaweza kutulia ndani ya kuku wa mayai anayeonekana mzima kabisa, akaingia kwenye yai kabla ganda halijaumbika, kisha akamwangusha aliyelila bila kuiva. Kwa hiyo bakteria mkali anaweza kufa kwa dawa ya kawaida, na sugu akawa mpole.

Basi kwa nini wachunguzi huyapima yote mawili kwa pamoja? Kwa sababu jeni zake wakati mwingine hupanda gari moja. Gari lenyewe ni plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria anaweza kumpa mwenzake, hata wa jamii nyingine. Huko Israeli, aina iitwayo Salmonella Infantis ilipozidi ghafla kati ya 2007 na 2009, ilikutwa na plasmidi kubwa iliyopewa jina pESI. Ndani yake mna jeni za kuhimili tetrasaiklini, trimethoprimu na dawa za salfa. Humo humo mna jeni za kunyakua madini ya chuma na za vijinywele vya kung'ang'ania seli. Mfugaji anayetia tetrasaiklini kwenye maji ya vifaranga "wasije wakaugua" (tusifichane, wengi hufanya hivyo) huwaachia uwanja wenye mzigo kama huo, usugu na ukali vikiwa furushi moja.

Jikoni tofauti hizo hazionekani: kwenye moto, sugu na asiye sugu hufa sawa. Hata kwa mgonjwa ambaye kabla ya hapo alikuwa na afya njema, kuhara kwa Salmonella mara nyingi huisha kwenyewe baada ya siku chache bila antibaiotiki. Usugu huanza kuuma bakteria akishaingia kwenye damu, hasa ya mtoto mchanga, mzee au mwenye kinga dhaifu, na daktari akiandika dawa ile ile ambayo kuku alishainywa bandani.