Moshi wa Seji na Kengele ya Moto

Nikiletewa mchoro wa kituo cha kutibu uraibu cha watu wa asili wa Kanada, siangalii kwanza picha za tai ukutani. Naangalia korido. Ikiwa ndefu, imenyooka, milango imejipanga kushoto na kulia, naurudisha.

Zaidi ya watoto 150,000 wa jamii hizo walipelekwa shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa kwa fedha za serikali. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Walikatwa nywele, wakaadhibiwa kwa kusema lugha zao, wengi wakanajisiwa. Mtu aliyepitia hayo, au mwanawe, ukimlaza penye mlio wa funguo na korido ya bweni, mwili unashtuka kabla akili haijajua kwa nini. Anaondoka wiki ya kwanza, na faili linaandikwa kwamba hakutoa ushirikiano.

Kituo cha Poundmaker's Lodge, St. Albert, Alberta, kilichoanzishwa 1973, miaka yake ya mwanzo kilitumia jengo la iliyokuwa shule ya bweni. Baadaye kilijengewa jengo jipya, kazi ya Douglas Cardinal, msanifu mzaliwa wa Alberta anayejulikana kwa kuta zinazopinda. Wapo wanaoona kulitwaa jengo la mateso ni ushindi. Huenda. Ila uamuzi huo ni wa wazee wa jamii, si wetu wachora ramani.

Kinachonipa kazi zaidi ni moshi. Seji, mmea wa majani yenye harufu kali, pamoja na mwerezi na nyasi tamu, hufukizwa kabla ya maongezi mazito. Aliyekulia penye chetezo na udi hahitaji maelezo. Basi kengele ya moto inalia, jengo zima linatoka nje, na mgonjwa anajiona mkosaji kwa ibada ambayo babu zake walikatazwa. Kanada ilianza kupiga marufuku baadhi ya matambiko ya jamii hizi kwa sheria mwaka 1884, ikaacha 1951. Kwa hiyo feni ya kutoa moshi na vihisi vya joto badala ya vya moshi viingie kwenye mchoro tangu mwanzo, na afisa wa zimamoto aitwe mapema. Kumwambia mtu akafukize kwenye maegesho, baridi ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri, ni marufuku ileile kwa adabu.

Chumba cha ushauri kiwe na milango miwili, kiti cha mgonjwa kitazame mlango, asijione amefungiwa. Kibanda cha mvuke, ambamo watu huketi kwa ibada huku maji yakimwagwa juu ya mawe ya moto, kinataka kuni, maji, pa kubadilishia nguo, na mahali pa kuchomea mawe hayo ambapo zimamoto wamepakubali.