Programu ya malezi ikikatwakatwa, utafiti wake haukulindi tena

Sisi maafisa ustawi wa jamii Tanzania tunaletewa programu nyingi za kulinda watoto, na karibu kila moja inakuja na sifa kwamba imethibitishwa kwa utafiti. Nami huuliza: imethibitishwa kufanya nini, na iliendeshwaje ilipopimwa?

Chukua Furaha Teens, mafunzo ya malezi kwa wazazi na vijana wao wa balehe. Mzizi wake uko Eastern Cape, Afrika Kusini, ambako ilijulikana kama Sinovuyo Teen. Mwaka 2015 na 2016 ilipimwa kwa familia 552 katika maeneo 40, mengine yakipata mafunzo na mengine yakiwa ya kulinganisha. Miezi kadhaa baadaye wazazi waliopitia mafunzo waliripoti kuwatesa na kuwachapa vijana wao kwa kiwango kilichopungua karibu nusu ukilinganisha na wenzao. Vijana nao walisema wazazi wanawafuatilia zaidi, na matumizi yao ya pombe na dawa za kulevya yalikuwa chini. Hata bajeti ya nyumbani ilikaa vizuri zaidi, maana kuweka akiba ni sehemu ya mafunzo.

Lakini utafiti huohuo haukuona utelekezaji ukipungua, wala tabia sumbufu za vijana. Hapa ndipo ninapowasihi wenzangu. Mtoto akiletwa ofisini kwako hajala, anaumwa na hajapelekwa zahanati, usimwandikie mlezi wake darasa la malezi kisha ukafunga jalada. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetaja chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu kuwa wajibu wa mzazi. Kesi hiyo inadai ufuatiliaji wa nyumbani, huduma ya afya, na pengine msaada wa kaya. Darasa linaweza kuja juu ya hayo, si badala yake.

Swali la pili ndilo linalonikosesha usingizi. Mafunzo yana vipindi 14. Mzazi na kijana hukaa pamoja katika vingi vyake, na asiyefika hufuatwa nyumbani. Fedha zikipungua, cha kwanza kukatwa ni kumfuata asiyefika. Wakati asiyefika mara nyingi ndiye yule mwenye ugomvi mkubwa nyumbani, au kibarua cha kutwa!

Cha pili ni igizo dhima. Nilikaa nyuma ya kipindi kimoja ambapo binti alicheza mama, na mama yake akacheza binti aliyechelewa kurudi. "Umetoka wapi saa hizi?" binti akafoka, kidole kikiwa usoni mwa mama. Mama akaanza kujieleza, akakatizwa. Akaanza tena, akakatizwa. Mwezeshaji akawaacha warudie, safari hii "mama" akiuliza kwanza kama mwenzake yuko salama. Zoezi lilichukua muda mrefu, na watu nje walikuwa wanasubiri ukumbi. Mwezeshaji mwenye haraka angesoma ukurasa wa mwongozo na kusema tuwasikilize watoto wetu. Ripoti ya wilaya ingeonyesha kipindi kimefanyika vilevile.

Kubadilisha kunaruhusiwa, tena kunahitajika: mifano iwe ya kwetu, muda ufuate msimu wa kilimo, na bibi anayelea wajukuu atambuliwe kama mlezi kamili. Ila igizo dhima, zoezi la kufanya nyumbani na kumfuata aliyekosa vibaki palepale.

Furaha Teens ilifikia watu zaidi ya 75,000 nchini mwaka 2020 na 2021 kupitia Kizazi Kipya, mradi wa kusaidia watoto walio katika mazingira hatarishi. Vipimo vya kabla na baada vilionyesha ukatili umepungua, japo hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo uzito wake si sawa na ule wa Eastern Cape. Kwa ukubwa huo, usimamizi wa wawezeshaji ndio kila kitu. Halmashauri inapopanga bajeti, ningependa kuona fungu la msimamizi anayekaa ndani ya vipindi na kuzungumza na mwezeshaji baadaye, pamoja na nauli ya kwenda kwa aliyekosa, kabla ya fulana na mabango ya uzinduzi.